Simu ya mama, alama zako

Wadogo zangu wa Masama, likizo imeanza, na swali ninaloulizwa sana na wa sekondari ni hili: "Dada, nikiweka kitu stetasi, halafu nikakifuta kabla ya saa 24, si kimeisha?"

Hakijaisha, mdogo wangu. Aliyekiona dakika ya tatu ameshapiga picha skrini yake, akairusha kwenye grupu la darasa, na kutoka hapo hujui kimelala kwenye simu ya nani. Hata ule ujumbe wa WhatsApp unaotegemea kuufuta kwa wote una muda wake, siku mbili na kidogo. Ukichelewa, unabaki ulipo. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inakupa haki ya kudai taarifa zako zirekebishwe au zifutwe na anayezishikilia. Ni haki nzuri, ijueni. Ila hakuna ofisi itakayopita nyumba kwa nyumba kuanzia Mudio hadi Bomang'ombe ikifuta picha yako kwenye simu za watu.

Sasa nije kwenye kinachonisumbua zaidi. Wengi wenu hamna simu. Bwenini simu ni marufuku, na wa kutwa mnaikuta nyumbani jioni. Mnashika ya mama akirudi kutoka sokoni Kwasadala, ya kaka wa bodaboda akiiweka chaji, ya shangazi aliyepanda kutoka Dar kula Krismasi. Basi mnajiambia kwamba habari za alama mtu anazoacha mtandaoni zinawahusu wenye simu zao.

Zinakuhusu wewe, na zinamhusu mama pia. Laini ile ameisajili kwa kitambulisho cha NIDA na kwa kidole chake. Ambao hawakufanya hivyo walianza kuzimiwa laini Januari 2020. Matusi unayomwandikia mwenzako saa 4 usiku yanatoka kwa jina la mama yako. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haichukulii jambo hilo kama utani wa shule: kumtumia mtu ujumbe wa kumtisha au kumnyanyasa kunaweza kuleta faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Wa kwanza kuulizwa ni mwenye laini, na mwenye laini ni mama aliyekuwa amelala.

Simu hiyohiyo ndiyo yenye M-Pesa ya ada na ujumbe wa VICOBA. Ukibonyeza kiungo cha "shinda bando la bure", umefungua mlango wa nyumba nzima. Na ukiingia akaunti yako kwenye simu ya shangazi ukasahau kutoka, Januari akaunti inapanda basi naye kurudi Dar.

Na hata usipoandika kitu, unaacha alama. Mwangalie bibi asubuhi. Anamenya ndizi, Redio Sauti ya Injili inaongea kutoka Moshi, na redio ile haijui kama yupo jikoni au ametoka kwenda kwa ng'ombe. Simu inajua. Inajua umefungua video gani, umekaa nayo sekunde ngapi, umeruka ipi, umerudia ipi, na kwa hayo inachagua ya kukuletea kesho. Ndiyo maana kaka akishika simu yake baada yako anakuta mambo ambayo hakuyatafuta, na wewe ukiulizwa unasema hukugusa kitu.

Nawapa kazi ya likizo. Chukua daftari, ukurasa mmoja, siku moja ya kawaida. Andika kila chombo kilichokupa habari au burudani: redio, runinga ya jirani, gazeti lililofungiwa vitumbua, simu. Andika saa, chombo ni cha nani, ulikwenda kufanya nini, uliishia wapi, na umeacha nini nyuma yako. Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: "Saa 9 alasiri, simu ya kaka, kutafuta mitihani iliyopita ya fizikia, nimeishia kwenye video za kuchekesha mpaka saa 10 na dakika 40, nimeacha jina langu na maoni mawili, majani ya ng'ombe sijakata." Kisha fungua mipangilio ya simu, tafuta sehemu inayoonyesha kila programu imetumika muda gani, ulinganishe na daftari. Pale vinapopishana ndipo pa kujiuliza.

Walimu, kazi hii haihitaji chumba cha kompyuta. Chora ubao, kila mwanafunzi alete mstari mmoja anaokubali kuusoma mbele ya wenzake, na usimlazimishe mtoto kutoa siri za nyumbani.

Wasichana, neno kuhusu picha. Sweta lenye nembo ya shule, kibao cha shule nyuma yako, jina lako kamili chini yake. Kuna matapeli wanaopigia wazazi: "Mwanao ameanguka shuleni, tuma hela ya matibabu haraka." Mtu huyo anahitaji jina la mtoto, shule yake na namba ya mzazi. Picha hiyo imeshampa mawili, na namba ya mama ikiwa kwenye grupu lenye watu msiofahamiana, amemaliza. Piga picha na rafiki zako, sikatazi, furaha yenu ni haki yenu. Badilisha sweta, sogea mbali na kibao. Wazazi nao wakipigiwa hivyo wampigie mwalimu kwanza, na namba ya tapeli waitume kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kwa 15040.

Na kama tayari kuna mtu ameshika picha yako anakutisha nayo, anataka hela au anataka mkutane, usimpe kitu na usifute mazungumzo, maana huo ndio ushahidi. Mwambie mtu mzima unayemwamini leo hii: mama, mwalimu wa malezi, mchungaji, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Wazazi wangu, mtoto akija na habari hiyo, msianze na fimbo. Akichapwa kwa kusema, safari ijayo atanyamaza, na anayemtisha anategemea ukimya huo. Mtoto asiye na wa kumwambia nyumbani apige 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, hata kwenye simu isiyo na salio.