Somo la Takwimu: Nukta Moja Ikisogezwa

Mwanafunzi wa Sekondari Msingi anaweza kukokotoa wastani bila kosa, akapata alama ya vema, na bado asijue wastani huo unasema nini. Programu shirikishi za kompyuta husaidia hapo. Mojawapo ni GeoGebra, iliyobuniwa na Markus Hohenwarter mwaka wa 2001. Mwalimu na wanafunzi huitumia bila malipo, na ikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi hata pasipo na intaneti.

Chukua mfano wa wanafunzi 7 wanaotembea kwenda shuleni kwa dakika 5, 10, 10, 15, 20, 25 na 90. Jumla ni 175. Gawa kwa 7, wastani ni dakika 25. Nambari ya kati ni 15. Inayojirudia zaidi, yaani modi, ni 10. Majibu matatu, yote sahihi.

Kwenye skrini, kila mwanafunzi ni nukta juu ya mstari. Mtoto mmoja aishike nukta ya 90 na kuiburuta hadi 20. Wastani utashuka papo hapo kutoka 25 hadi 15, lakini nambari ya kati haitasonga. Kabla ya kuburuta, darasa likisie kitakachotokea na kuandika. Bila kukisia, hiyo ni sinema tu.

Kisha nukta irudishwe 90. Ukitangaza dakika 25, msikilizaji atadhani hiyo ndiyo safari ya kawaida, ilhali 5 kati ya hao 7 hutembea muda mfupi zaidi. Ukitangaza 15, mtoto anayetembea saa moja na nusu hasikiki kabisa. Ni vivyo hivyo mwananchi anaposomewa wastani wa umbali wa kwenda kuteka maji katika kikao cha kujadili bajeti: ana haki ya kuuliza aliye mbali zaidi yuko wapi.

Palipo na kompyuta moja tu, wanafunzi waipokezane. Pasipo na kompyuta, chora mstari sakafuni na utumie vizibo vya soda. Hesabu itachukua muda, lakini kizibo nacho husogezwa.

Data ya darasa lenyewe huvutia zaidi. Ikusanywe kwa vikaratasi visivyo na majina, maana yule wa dakika 90 huenda hataki kujulikana.