Nesi wa Jamii, Usiulize Mtoto Anakula Nini

Juma lililopita zahanati yetu ilipokea wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili, wamekuja mazoezi ya afya ya jamii. Mmoja akarudi kutoka ziara ya nyumbani na fomu iliyojazwa kwa mwandiko wa kuonea wivu. Sehemu ya lishe ameandika: "Mtoto anakula mlo kamili mara tano kwa siku." Nikaivuta kadi ya mtoto huyohuyo. Mstari wa uzito umelala miezi mitatu mfululizo, haupandi. Nikamuuliza, "Huo mlo kamili umeuona?" Akanijibu, "Mama yake ndiye kasema, sista."

Binti wa watu sikumlaumu, fomu ndiyo imemfundisha hivyo. Ila nilikereka, na kukereka huko ndiko kumenikalisha kuandika. Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, vijana huniuliza wafanyeje ili wawe manesi wa jamii, wale wa watoto na familia, na majibu wanayoyapata huko mitaani ni ada na majina ya vyuo tu. Basi nitawapa hatua tano.

Hatua ya kwanza ni vyeti, na hii mnaijua. Ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, Kemia, Biolojia na Fizikia yakiwemo. Maombi yanapitia NACTVET. Stashahada ni miaka mitatu. Kisha kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga ndipo upate leseni. Kwetu unasoma uuguzi na ukunga kwa pamoja, afya ya jamii ikiwa ndani yake, halafu ajira ndiyo inayokupeleka kliniki ya mama na mtoto. Wenzetu Kenya wana muuguzi anayesajiliwa kwa jina hilohilo la afya ya jamii. Tusonge.

Hatua ya pili ni vifaa, na hapa ndipo wanafunzi wanapopigwa. Kuna duka moja Kariakoo, jina nalihifadhi, liliniuzia stethoskopu yenye nembo kubwa ya Kimarekani, kwa bei ya nembo. Mpira ukapasuka muhula haujaisha. Nilipoirudisha, yule kaka akaniangalia kama niliyekuja kukopa, akasema eti nimeivuta sana. Stethoskopu inavutwa vipi? Mpaka leo nikipita mtaa ule nahamia upande wa pili.

Kwa kazi ya watoto na familia anza na saa yenye mshale wa sekunde, hata ya sokoni. Pumzi za mtoto zinahesabiwa dakika nzima, siyo nusu dakika ukazidisha kwa mbili. Mtoto mwenye kikohozi wa miezi miwili hadi kumi na moja akifika pumzi 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, hizo ni pumzi za haraka na nimonia ipo kwenye hesabu. Nunua na viatu vya kufunika vidole. Mimi Bata nyeusi zilinivusha mpaka mwisho, tope la masika na yote. Utepe wa kupimia mkono usinunue, utaukuta kituoni. Na mizani: nipeni ile Salter ya kuning'iniza, ya kilo 25, siku yoyote, kuliko hizi za betri zinazozimika foleni ikiwa imefika mlangoni. Ila ning'iniza kwanza kaptura ya kupimia ikiwa tupu, rudisha mshale kwenye sifuri, ndipo umtie mtoto. Mnacheka, lakini nimeona kadi za kijiji kizima zikiwa na uzito wa kaptura.

Hatua ya tatu ni kuingia nyumba ya mtu. Hapa nitakaa kidogo.

Nikiwa mwanafunzi tulipelekwa wilaya ya Muheza, Tanga, msimu wa machungwa. Kila mmoja alipewa familia ya kufuatilia. Chuo kilitupa fomu nene, ya Kiingereza, inayotaka idadi ya madirisha, aina ya paa, umbali wa choo hadi kisima. Mkufunzi wetu alikuwa na mapenzi ya pekee na madirisha. Familia yangu ilikuwa ya mama kijana, mumewe utingo wa lori, bibi mzaa baba, na watoto wawili. Yule mdogo alikuwa na miezi minane. Nilimpima katikati ya mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia bila kukazwa: sentimita 12 kasoro kidogo. Kwa wasioujua utepe, kuanzia 12.5 ni kijani, chini ya 11.5 ni nyekundu, katikati hapo ni njano. Mtoto alikuwa njano.

Mama nilimuuliza kama fomu ilivyotaka: mtoto anakula nini? Akanitajia uji wa lishe, ndizi, mboga za majani, samaki, matunda, kwa mpangilio uleule wa picha iliyobandikwa ukutani kliniki. Wala hakuwa anadanganya. Nesi kauliza swali la kinesi, kajibiwa jibu la kinesi.

Pale zahanati kulikuwa na muuguzi mmoja mtu mzima, anakaribia kustaafu, tukimwita Mama Kliniki. Nikampelekea kitendawili changu: unga upo, mtoto anakula, mkono haunenepi. Hakuifungua hata fomu. Alisema, "Mwanangu, mdomo umeshafundishwa. Vyombo havijafundishwa. Kaombe chombo cha mtoto." Nilipotaka kuondoka akaniita tena. "Usikiombe kama mkaguzi. Omba kumlisha."

Huo ndio ujanja wenyewe, na nataka muushike vizuri, kwa sababu kila kipande chake kina kazi.

Kwanza nilikwenda peke yangu. Wanafunzi sita wenye sare nyeupe wakiingia uani, majirani wanauliza kuna kipindupindu au kuna msiba. Pili nilikwenda saa nne asubuhi, saa ya mtoto kula, siyo saa iliyoandikwa kwenye ratiba ya chuo. Mama alikuwa ameshatoka tangu alfajiri kwenda kuchambua machungwa. Nilimkuta bibi, yule ambaye ziara iliyotangulia alikaa pembeni na mbuzi yake akikuna nazi, na fomu haikuwa na hata mstari mmoja wa kumuuliza. Nikapiga hodi, nikamwamkia, akaniitikia marahaba na kunisogezea mkeka. Daftari likabaki mkobani. Tukachambua mchicha, akanisimulia habari za magoti yake na za mwanawe asiyepiga simu. Mtoto akaanza kulia. Ndipo nikasema, "Bibi, leo niachie mimi nimlishe mjukuu wako. Chombo chake kiko wapi?"

Bibi akafunua kawa, akatoa chupa ya chuchu.

Ile chuchu ilikuwa imekatwa ncha kwa wembe, mkato wa msalaba, ili uji upite. Nikaitikisa: uji mwepesi kama maji ya mchele. Kwenye uzi wa kifuniko kulikuwa na ukoko wa jana, harufu ya uchachu. Mtoto akaipokea kwa mikono miwili, akainyonya yote kwa pupa, tumbo likatuna, akalala. Ukimwangalia ungesema ameshiba, na kweli alishiba, ila alishiba maji.

Unga ulikuwa mzuri, niliuona kwenye kopo. Mama alikuwa amesema kweli tupu. Ila unga mzuri ilibidi uzimuliwe mpaka upite kwenye tundu la wembe. Na kwa nini chupa? Bibi alikuwa na mtoto wa jicho. Kijiko kilikuwa kinakwenda puani, mtoto anapaliwa, bibi anaogopa. Chupa mtoto anajishikia mwenyewe. Nyumba ile ilikuwa imeshapata ufumbuzi wa tatizo lake siku nyingi, na hakuna mtu wa afya aliyewahi kuuliza tatizo lenyewe ni lipi. Fomu, kumbukeni, ilikuwa bado inahesabu madirisha.

Pale sikutoa somo la vijidudu. Jioni mama aliporudi tukakaa wote watatu jikoni tukapika uji mzito, ule ambao kijiko kikiinamishwa unang'ang'ania badala ya kuchuruzika, na juu yake tui la kwanza la nazi, maana nyumba ile nazi haikosekani. Tukatafuta kikombe chenye mdomo mpana na kijiko kidogo cha chai. Lililobaki ni macho ya bibi, na hilo alilimaliza bibi mwenyewe. Alimkalisha mtoto ndani ya beseni lililotandikwa kanga ili asiyumbe, akakaa naye uso kwa uso, akaweka dole gumba la mkono wa kushoto kwenye kidevu cha mtoto. Kidevu kikishuka, mdomo uko wazi, kijiko kinaingia juu ya dole. Sijawahi kuliona hilo kwenye kitabu chochote, na tangu hapo nimewafundisha bibi wengi wenye macho mabovu.

Chupa sikuichukua. Ukiichukua watanunua nyingine, sokoni zimejaa, zina picha ya mtoto mnene mweupe, na anayeziuza hatakwambia kwamba kanuni za nchi haziruhusu kuzitangaza. Mama mwenyewe aliitumbukiza chooni siku ya tatu, kwa hiari yake, kisha akanitumia mtoto mkubwa kuja kunipa habari. Kabla mazoezi hayajaisha, utepe ulisoma kijani. Nilitembea na furaha ile mpaka stendi.

Chuoni nilikatwa alama. Sikuwa nimejaza madirisha.

Tangu hapo kila kitu nakiomba kwa njia hiyo. Siulizi "mna chandarua?" kwa sababu jibu ni ndiyo, na huenda kimezungushwa kwenye bustani ya mchicha. Naomba nimlaze mtoto, nione panapolazwa. Mtoto aliyeharisha sisemi "amemaliza dawa?" Naomba karatasi ya vidonge vya zinki, nahesabu vilivyobaki. Zinki ni ya siku 10, na akina mama wengi huacha siku kuhara kunapokoma, kisha wanakitunza kilichobaki kwa ajili ya jirani. Nikikuta utepe unasoma nyekundu, au miguu yote miwili imevimba, hapo hakuna mkeka wala mchicha. Ni rufaa siku hiyohiyo.

Na kwa kuwa nimeutaja unga wa lishe, niseme langu. Hizi pakiti za nafaka saba, nane, kumi na mbili, soya na karanga zimesagwa humohumo, sizipendi. Tumbo la mtoto halihesabu nafaka. Karanga ikisagwa na kukaa inachacha upesi, na karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri ndiyo makao ya sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kuna muuzaji mmoja mtaani kwetu anauza pakiti zisizo na tarehe, ukimuuliza anasema "ni fresh, dada". Mwambie mama asage nafaka moja au mbili, zilizokauka, kidogo kidogo. Karanga atwange yake peke yake, aitie wakati wa kupika. Na dagaa ni rafiki wa maskini kuliko pakiti yoyote.

Hatua ya nne ilikuwa chanjo, lakini naona nimekula nafasi yote. Nitaje BCG tu, kwa kuwa ndiyo inayowatoa wanafunzi jasho: mtoto wa chini ya mwaka anapata mililita 0.05, bega la kulia, ndani ya ngozi juujuu kabisa. Kilengelenge cheupe chenye vitundu kama ganda la chungwa kisipojitokeza, umezama mno. Ikishachanganywa ina saa sita tu, dozi zinazobaki mwaga, hata kama roho inauma. Jizoezeshe kwenye chungwa halisi kabla hujamgusa mtoto. Hatua ya tano nadhani ilikuwa kuhusu kuandika ripoti, na ripoti mtafundishwa mpaka mchoke.

Wakufunzi, kama mmefika hapa, nina ombi. Fomu ya ziara ya nyumbani iandikwe kwa Kiswahili, ipungue kurasa, na iwekwe nafasi ya kumuuliza anayeshinda na mtoto mchana, awe bibi, dada wa kazi au kaka wa darasa la nne. Mwanafunzi aruhusiwe kwenda saa mtoto anapokula. Na alama za madirisha zigawiwe upya.