SOMO: Uliza kabla ya kupiga yowe

Somo letu la leo linahusu jambo linalotupata mara kwa mara hapa kambini. Unamwona mtu usiyemjua. Anazunguka nyumba za watu, au amemshika mtoto anayelia. Moyo unashtuka. Je, unyamaze au uingilie kati?

1. Hatari ya kupiga yowe haraka

Mwezi Oktoba 2016, watafiti wawili na dereva wao kutoka Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, walifika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Kazi yao ilikuwa kuchukua sampuli za udongo. Watu wakawashuku kuwa ni mumiani, wanyonya damu. Umati ukakusanyika, wote watatu wakauawa. Ndugu zangu, yowe likishapigwa, anayefika mwisho haulizi kosa ni lipi. Anaona wenzake wana mawe, naye anaokota lake.

2. Hatari ya kunyamaza

Wengine husema, "Si mtoto wangu, hainihusu." Mwaka 1993 huko Uingereza, mtoto wa miaka 2 alichukuliwa na wavulana wawili wa miaka 10 kutoka madukani, wakatembea naye njia ndefu. Watu zaidi ya 30 waliwaona, na mtoto alikuwa ameumia. Wachache waliuliza. Wakajibiwa kwamba ni mdogo wao, au kwamba amepotea na wanampeleka polisi. Wakaridhika, wakaenda zao. Mtoto yule aliuawa. Basi kuuliza tu hakutoshi, jibu nalo lifuatiliwe.

3. Mfano wa Yoshua 22

Makabila ya ng'ambo ya Yordani yalijenga madhabahu kubwa. Wenzao wakadhani ni uasi, wakakusanyika Shilo tayari kwa vita. Lakini kwanza walimtuma Finehasi pamoja na wakuu kumi wakaulize. Hawakuficha shaka yao, waliisema waziwazi, kisha wakasikiliza. Kumbe madhabahu ile ilikuwa ya ushuhuda tu. Vita havikupiganwa.

4. Tufanye nini?

- Tenganisha ulichokiona na unachokiogopa. Lugha ngeni, nguo chafu au kutembea usiku si kosa. Kuvunja kufuli au kumburuta mtoto ni tendo.
- Usiende peke yako. Mwite jirani mmoja mwenye utulivu, si umati.
- Salimu, halafu uliza: "Ndugu, unamtafuta nani? Tukusaidie?" Mwenye haja ya kweli atafurahi kuelekezwa. Mpelekeni mpaka kwa anayemtafuta.
- Kama kuna mtoto, usingoje. Muulize mtoto mwenyewe jina lake na la mama yake. Majibu yasipolingana, msimwachie mtu huyo aondoke naye, na mtume mtu kwa mzazi mara moja.
- Akiwa na silaha, msimsogelee. Kaeni mbali, angalieni anakoelekea, waiteni sungusungu na polisi.
- Msimpige. Sheria ya Tanzania inamruhusu mtu asiye polisi kumkamata anayetenda makosa fulani mbele ya macho yake, lakini ni lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumwadhibu si kazi yetu.

Wapendwa, sisi sote tuliingia nchi hii tukiwa wageni wasiojulikana, wenye vumbi na mizigo kichwani. Kuna mtu aliyetuuliza tunatoka wapi, akangoja jibu. Tumtendee hivyo mgeni wa leo, na mtoto wa jirani tumlinde kama wetu.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Ni mambo gani hutufanya tumshuku mtu kabla hajatenda lolote?
2. Katika kijiji chako, ni nani wa kuitwa usiku? Je, watoto wanamjua?
3. Umati ukishakusanyika, mtu mmoja anaweza kufanya nini kuokoa uhai?