SOMO KWA MAKATIBU: KUBADILI BETRI ZA RISASI KWA BETRI ZA LITHIAMU



Chama cha msingi kinachotumia umeme wa jua ofisini na ghalani hufikiwa na siku ambayo betri zimechoka. Taa huzimika kabla hesabu za siku hazijafungwa, na Katibu akamalizia kuandika stakabadhi za wakulima kwa mwanga wa simu. Hapo Kamati huulizwa: inunuliwe betri nyingine ya risasi na tindikali, au ile ya lithiamu ambayo bei yake ni kubwa zaidi?

Betri ya risasi ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na bado inafaa sana kuwashia gari. Ile ya volti 12 na saa-ampea 100 ina uzito wa kilo 30 hivi. Ya lithiamu yenye kipimo hicho ina kilo 12 hivi. Kwa betri isiyohama ofisini, uzito ni jambo dogo. Jambo kubwa ni umeme unaotumika kweli. Betri ya risasi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo katika saa-ampea 100 zilizoandikwa, chama hupata 50 tu. Ya lithiamu hutoa 80 bila madhara.

Tupige hesabu. Betri ya risasi iliyotengenezwa kwa umeme wa jua, ikitunzwa, hujazwa na kutumiwa mara 500 hivi. Ya lithiamu mara 2,000 na zaidi. Basi 50 mara 500 ni 25,000, na 80 mara 2,000 ni 160,000. Ikiwa bei ya lithiamu ni mara tatu ya risasi, wanachama wamepata nafuu kubwa. Ikiwa ni mara saba, nafuu hiyo haipo, na Kamati iseme hivyo waziwazi mbele ya Mkutano Mkuu.

Huku Bukoba na Muleba iko sababu nyingine. Upande wa ziwa hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na siku za mawingu hufuatana. Betri ya risasi ikikaa bila kujaa, salfeti huganda juu ya mabamba yake na nguvu iliyopotea hairudi. Chama cha Kanazi kitakachofunga ofisi baada ya msimu wa kahawa, kikaiacha betri tupu hadi msimu ujao, kitakuta betri iliyokufa. Ya lithiamu haidhuriki kwa kutojaa; huhifadhiwa vema ikiwa na nusu ya chaji na swichi zote zimezimwa.

Lakini isidhaniwe kwamba kazi ni kutoa moja na kuweka nyingine. Kidhibiti chaji cha zamani huenda kikapandisha volti kupita 15 ili kusawazisha betri za maji, na lithiamu ya volti 12 haitakiwi kuzidi 14.6. Kidhibiti kinachokubali lithiamu ni sehemu ya gharama, nacho kiandikwe katika makisio. Betri mpya isiunganishwe na ya zamani. Tena, volti za lithiamu hubaki karibu 13 mpaka inapokaribia kwisha, kwa hiyo taa za kipimo za kidhibiti cha zamani zitamdanganya Katibu. Ombeni aina ya fosfeti ya chuma, ambayo ni nzito kidogo kushika moto kuliko nyingine. Gari la chama liachiwe betri yake ya risasi.

Sasa betri kuukuu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi mwaka 2007. Risasi iliingia katika damu ya wakazi, watoto wakiwamo, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kwa hiyo betri isipasuliwe, na tindikali yake isimwagwe kibanjani. Iuzwe ikiwa nzima kwa mnunuzi mwenye kibali cha kukusanya taka hatarishi. Iondolewe katika daftari la mali, na fedha zake ziingizwe katika kitabu cha fedha siku hiyo hiyo.