Je, udaktari wa meno unalipa?

Swali: Daktari, nimemaliza kidato cha sita, naupenda udaktari wa meno. Baba anasema ajira hakuna. Nifanyeje?

Jibu: Mwanangu, baba hajakosea sana. Chuoni Muhimbili utasoma miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika litakusajili. Serikalini kuna mshahara wa uhakika na pensheni, ila nafasi hutoka kwa mafungu, na waombaji ni wengi.

Kliniki binafsi nyingi hulipa asilimia ya kazi uliyofanya. Hapo soma mkataba neno kwa neno: gharama ya fundi wa meno bandia inakatwa kabla ya mgawo au kwenye fungu lako? Mimi sikuuliza, mwezi wangu wa kwanza niliondoka na nauli tu.

Jifunze hasa kutibu mzizi wa jino. Kung'oa ni dakika chache na malipo kidogo. Mzizi unakula saa nzima, lakini ndio unaolipa, na mgonjwa anabaki na jino lake. Kliniki yako isubiri kwanza, kwani kiti, kompresa na eksirei ni mkopo mzito. Wilayani usipaogope. Huko watu bado wanafika shavu limevimba, wamekesha siku tatu.