"Yote Hayashushi": Somo la Mantiki Stendi ya Makambako

Mwaka wa kwanza nilidhani mantiki ni alama za ubaoni tu. Halafu likizo moja nikashuka Makambako usiku, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya. Bibi yangu alikuwa mahututi Njombe, kama kilometa 60 mbele. Nikamuuliza konda mmoja kama mabasi ya Songea yanashusha Njombe.

"Mabasi yote hayashushi Njombe, mdogo wangu."

Hela ya kukodi gari sikuwa nayo, nikalala gesti. Kumbe usiku ule ule basi la Songea lilipita na kushusha watu Njombe. Nilifika saa tatu asubuhi. Bibi alifariki alfajiri.

Konda hakunidanganya. Sentensi yake ina maana mbili:

1. Kila basi, halishushi.
2. Si kweli kwamba kila basi linashusha.

Yeye alisema ya pili, mimi nikasikia ya kwanza. Maneno ni yale yale. Kinachobadilika ni mipaka ya ukanushi. Katika (1) uko ndani ya "kila", katika (2) unaimeza "kila". Kiswahili hukibandika kikanushi kwenye kitenzi, "hayashushi", bila kuonyesha kama kinaifikia "yote". Mwaka 1879 Gottlob Frege alichapisha mfumo wa alama unaoonyesha mipaka hiyo waziwazi.

Hata methali yetu iko hivyo: vyote ving'aavyo si dhahabu. Ukiisoma kwa maana ya (1), hata dhahabu yenyewe si dhahabu, maana nayo inang'aa!

Sasa, tunaweza kuhitimisha nini? Kutoka (1): usisubiri. Kutoka (2): lipo angalau moja lisiloshusha, basi. Kuhusu linalokuja sasa hivi, haisemi kitu. Wala haidai kwamba lipo linaloshusha. Hilo "baadhi yanashusha" tunaliongeza wenyewe kwa mazoea ya mazungumzo.

Kwa hiyo, ukisoma kwenye grupu "wanafunzi wote hawajapata bumu", usikimbilie kuandamana wala kupuuza. Anayeandika aseme "hakuna aliyepata" au "si wote waliopata". Anayesoma aulize.

Mimi pale stendi nilihitaji maneno mawili tu: "Hata moja?"