Maleba na Ishara: Jinsi ya Kusoma Bega la Afisa Mwingereza

Katika tamthilia au riwaya inayorejelea enzi ya ukoloni, mwandishi anaweza kusema tu kwamba afisa "ana taji begani", kisha akaendelea na kisa. Watahiniwa wengi huyaruka maneno hayo na kumwita kila mwanajeshi "askari wa mkoloni". Hapo hupoteza alama. Maleba ni lugha: humweleza msomaji nani ana mamlaka, kwa niaba ya nani na katika kipindi gani.

(a) Alama zenyewe

Mfumo wa jeshi la nchi kavu la Uingereza unaojulikana zaidi ulianza mwaka 1902:

- Luteni wa pili: nyota moja
- Luteni: nyota mbili
- Kapteni: nyota tatu
- Meja: taji
- Luteni kanali: taji na nyota moja
- Kanali: taji na nyota mbili

Nyota hiyo ina umbo la nishani ya heshima ya kifalme iitwayo Order of the Bath. Taji ni la mfalme au malkia mwenyewe. Kwa hivyo, anayemtii afisa huyo anatii kiti cha enzi kilichoko London. Koplo na sajini hawamo katika orodha hii kwa kuwa wao si maafisa wenye kamisheni. Alama yao ni tepe za mkononi: mbili kwa koplo, tatu kwa sajini.

(b) Alama hubadilika: zingatia wakati

Usitumie orodha ya hapo juu kufasiri kila enzi. Katika karne ya 18, afisa alitambulika kwa pambo la begani lenye nyuzi za dhahabu au fedha zinazoning'inia. Mwaka 1810, taji na nyota viliongezwa kwenye mapambo hayo: meja alivaa nyota, luteni kanali taji, naye kanali vyote viwili. Mwaka 1855 mapambo hayo yaliondolewa na alama zikahamia kwenye ukosi. Kuanzia hapo hadi 1880, zilipopandishwa tena begani, hata kapteni alivaa taji na nyota. Msomaji asiyejua mwaka wa kisa angemdhania kanali!

Mwaka 1902 sare mpya ya vitani iliweka alama kwenye ncha za mikono. Katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, alama hizo zilimsaidia adui kumtambua afisa kwa mbali na kumlenga. Maafisa wengine wakaanza kuzivaa begani, na mwaka 1920 zile za mkononi zikaondolewa. Alama iliyompa mtu heshima kambini ilimhatarishia maisha vitani. Hiyo ni kinaya.

(c) Matumizi katika mtihani

Soma maelezo haya ya jukwaani kisha ujibu swali:

*(Kambi ya King's African Rifles, 1950. Sajini Mwafrika mwenye mvi, tepe tatu mkononi, anasimama wima na kumpigia saluti kijana Mwingereza mwenye nyota moja kila bega.)*

Swali: Eleza jinsi maleba yanavyoendeleza maudhui katika dondoo hili. (alama 4)

Jibu:

(i) Ubaguzi – Mvi za sajini zinaashiria tajriba ya miaka mingi, ilhali nyota moja ni cheo cha chini kabisa cha afisa. Hata hivyo, mkongwe ndiye anayempigia kijana saluti. Rangi imeshinda tajriba. (alama 2)

(ii) Uongozi wa kikoloni – Tepe ziko mkononi, nyota ziko begani. Mwafrika anatekeleza amri, Mwingereza anaitoa. (alama 2)

Hoja hizi zina msingi wa kihistoria. Kikosi hicho kiliundwa mwaka uo huo wa 1902, lakini askari wake Waafrika hawakufunguliwa mlango wa kamisheni kamili hadi ukoloni ulipokaribia ukingoni. Idi Amin wa Uganda, aliyejiunga nacho mwaka 1946, alifanywa luteni mwaka 1961, mwaka mmoja tu kabla ya uhuru wa nchi yake.

Tanbihi: Kutaja "ana nyota moja" pekee hakutoshi. Taja alama, eleza cheo, kisha onyesha inavyojenga maudhui, mhusika au mandhari.

Zoezi

1. Mhusika anaondoa taji begani usiku wa kuamkia uhuru. Fafanua ishara hiyo. (alama 2)
2. "Mavazi huzungumza kabla ya mhusika." Thibitisha kauli hii ukirejelea wahusika wawili katika tamthilia uliyosoma. (alama 10)